Baba wa Bluu

Wanafunzi wangu wa Nyasubi walizoea simu: bonyeza, tuma, sahau. Mimi nikawafundisha kuchapa picha kwa mkono, kwa dawa ya chumvi za chuma, kama walivyofanya watu kabla bibi zetu hawajazaliwa. Unapaka dawa kwenye kitambaa, unakikausha gizani, unalaza hasi, ile filamu ya picha, juu yake, unaanika juani. Ukisuuza, picha inabaki ya bluu. Walilalamika kwamba hiyo ni kazi ya wasio na kazi, kisha wakaanza kufika darasani kabla yangu. Niliwapenda kwa hilo. Sikuwaambia, maana wangenipanda kichwani.

Mmoja wao, binti wa Kharumwa, alikuwa anakaribia kuolewa. Baba yake alishafariki, lakini binti alitaka awepo kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga, uso wake ukining'inia nyuma ya meza ya familia. Tulimchapa mzee siku ya jua kali, akatoka vizuri hadi nikapiga makofi peke yangu. Binti akampelekea mama yake kitambaa akipige pasi.

Siku moja kabla ya sherehe wakaja wote wawili, wamelowa chapachapa. Binti alikuwa analia. Kwenye kitambaa, pale palipokuwa na uso, palibaki umanjano hafifu tu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwalimu. Nimekifua. Mlikuwa mmezidisha bluu ya nguo, mpaka baba wa watu hatambulikani! Nimesugua kwa sabuni ya unga. Gete, kweli kabisa, imetoka yote."

Nilihisi damu ikinipanda. Sabuni ndiyo adui wa bluu ile, na mvua ilikuwa haijakatika tangu juzi. Bila jua tusingeweza kuchapa nyingine. Lakini mama wa mtu hafokewi, tena mama aliyesugua hivyo kwa upendo, vidole vimemchubuka. Nikameza hasira, nikatuma mtu dukani akalete majani ya chai.

Bluu ikitoka, chuma hubaki kwenye nyuzi, na chai kali hukitia rangi. Ndivyo nilivyosoma. Kuhusu kitambaa kilichosuguliwa na mama wa Kharumwa, sikuwa na hakika hata kidogo. Nilichemsha chai nyeusi tii, nikaipooza, nikakizamisha kwenye beseni. Darasa zima liliinama, vichwa vikagongana, nikawafukuza, wakarudi.

Macho yalitangulia. Kisha masharubu. Kisha mzee mzima, wa kahawia iliyokolea, rangi ya mtu wa kwetu.

Binti alinikumbatia kwa nguvu hadi chai ikanimwagikia miguuni, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Mama yake hakututazama. Alikitoa kitambaa kwenye beseni mwenyewe, akakikung'uta, akamwangalia mumewe usoni.

"Haya, twende nyumbani," akamwambia. "Mtoto anaagwa kesho."