Wageni wamewekewa insulation, mama kaachiwa upepo: nyumba mpya ya kaka yangu Nizwa

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo. Hii si chai. Naishi nayo humu ndani, na nikiongeza chumvi mama atanikana.

Asili yetu Unguja, ila tumezaliwa Oman. Kaka yangu mkubwa, nimwite Seif, kajenga nyumba Nizwa, upande wa Firq. Nikahamia mimi mdogo wake na mama yetu, ambaye kifua chake hakitaki baridi. Kabla ya hapo mama alikaa Sur, mji wa pwani, kwa dada yetu.

Mnaodhani Oman ni joto tu, njooni Januari upepo ukishuka milimani. Utavaa koti hadi chooni.

Seif hakutaka mshauri. Kasimamia ujenzi mwenyewe, elimu yake YouTube. Akaamuru juu ya kila mlango na dirisha yaachwe matundu ya hewa, eti kama nyumba yetu ya Unguja.

Wakuu, nyumba hiyo kaiona mara moja, alipokwenda harusini. Kule upepo ni rehema. Huku unaingia na vumbi na kukufuata kitandani.

Insulation, yale mabamba ya foam ya kuzuia joto na baridi ukutani na darini, kaweka majlis peke yake, chumba cha kupokelea wageni. Huko hata tundu hakuna, na mlango una mpira chini.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema wageni wakihisi baridi watatusema mji mzima.

Na mama akihisi baridi?

Mama alikohoa, kisha akaanza kukunja nguo zake arudi Sur. Seif akamletea hita. Joto lote likatoka nje kupitia matundu yake ya Unguja. Mimi nilicheka, lakini roho iliniuma. Mama kaiombea dua nyumba hii miaka yote, leo anaikimbia.

Ijumaa baada ya swala, Seif karudi na wazee wa heshima. Kufungua majlis, mama yumo. Godoro katikati ya zulia jipya, blanketi hadi kidevuni, dawa ya kikohozi kwenye sinia ya halwa.

Wazee wakageuza nyuso. Seif akamnong'oneza atoke. Mama hakuinua hata kichwa.

"Seif mwanangu, mgeni akishakunywa kahawa huenda zake. Mimi ndo ninolala hapa."

Wageni wakapokelewa sebuleni, chini ya matundu. Kahawa nilimimina mimi, ikawa inapoa kabla ya kufika mdomoni. Mzee mmoja alifunga kilemba chake upya, safari hii hadi masikioni. Seif alikuwa anatazama zulia tu.

Kesho yake mafundi wakaja. Wakaziba matundu, wakapiga silicone pembeni mwa madirisha, wakabandika foam chumba cha mama. Sasa hata pazia halitikisiki.

Tatizo, mama hatoki majlis. Anasema keshazoea.

Kwa hiyo bwana mkubwa anapokea wageni chumbani kwa mama, maana ndiko kwenye foam, wamejipanga pembeni ya kabati lake la nguo.

Funzo: ukijenga, anza na chumba cha anayelala, mgeni atajistiri.

Haya, semeni: mama ahamishwe au aachwe? Mimi nimeshampelekea mto wa pili.