Maua ya Kwanza ya Mwembe wa Mama

Shamba zima la majaribio walimwita Shoka, wala hakununa. Kazi yake ilikuwa kupima miembe, ya kubebeshwa, yaani iliyoungwa kikonyo cha mti mwingine, na iliyooteshwa kwa kokwa: ipi inahimili ubwiri unga, huo ugonjwa unaokausha maua, na ipi inazaa. Mti ulioshindwa ulikatwa, na hata kikonyo chake hakikuruhusiwa kutoka getini. Mwaka jana fundi wa kubebesha alimsihi auhurumie mti wake uliochelewa kuchanua. Shoka alimkatisha: "Maua si embe, kaka."

Mwisho wa mstari ulisimama mwembe wa kokwa alioupanda mwenyewe. Kokwa aliletewa na dada yake, kutoka kwenye mwembe wa marehemu mama yao, kabla haujang'olewa kupisha barabara. Majani yake yalikuwa safi hata miaka ambayo miti jirani ilijaa weupe utadhani imetoka kusaga unga. Ila kuzaa, wapi! Ya kubebeshwa ilishazaa, huu umekaa tu kama mgeni anayesubiri chai. Na msimu huu ndio ulikuwa wa mwisho wa majaribio: usipozaa, unakatwa.

Ukachanua. Shoka alipiga simu huku analia.

"Dada, mwembe wa mama umechanua!"

"Niwekee embe la kwanza. Nitalinusa weee, ndipo nile."

Kisha homa ikamlaza Shoka nyumbani wiki nzima. Aliporudi, alikuta matawi matupu. Chini yake kibarua mpya, mtu mzima mwenye bidii zake, alikuwa akifagia maua yaliyonyauka.

"Nimeyatoa yote, mama. Si ulitufundisha? Mti ukichanua mara ya kwanza, tuyatoe maua ili upate nguvu."

Kweli alifundisha. Alimaanisha miche michanga ya kubebeshwa, ila hakulitamka hilo, kwa kuwa kwake lilikuwa wazi mno. Sasa amfokee nani? 

Siku ya tathmini bosi aliuzunguka ule mwembe.

"Huu vipi?"

"Ulichanua," Shoka akasema. 

Fundi wa kubebesha alikuwa kando yao. Angeweza kucheka, na haki angekuwa nayo. Aliinamisha macho akavitazama viatu vyake, na huruma hiyo ilimchoma Shoka kuliko tusi.

"Maua si embe," Shoka akajimalizia mwenyewe, akachovya brashi, akaupiga mti alama nyekundu ya kukatwa.

Simu ikaita mfukoni. Ulikuwa mlio aliomwekea dada yake. Mikono ilikuwa imejaa rangi. Akaiacha iite mpaka ikanyamaza.