Lala, Mwanangu

Binti yangu alianza mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio kwa baiskeli yangu ya chuma, ile niliyobebea viazi kutoka Kanama. Ziwani hakuna aliyemfikia. Akishapanda baiskeli, wale aliowaacha majini walimpita mmoja mmoja, nami kando ya barabara napiga kelele, "Kanyaga!" Nilidhani tatizo ni miguu yake, na nilimwambia hivyo usoni.

Mwishowe akapata baiskeli yenyewe ya mchezo huo, imetumika lakini nzima. Niliinyanyua kwa mkono mmoja nikacheka. Haina karia wala kengele. Mbele ina vyuma viwili vya kuegemeza viwiko, ili mgongo ulale na upepo upite juu. Asubuhi ya kwanza alipita hivyo hapa kwetu Nengo. Jirani yangu, mama anayevuka mpaka kila siku kwenda kuuza nyanya Goma, akanifuata hadi uani.

"Muzee, mutoto yako iko analala juu ya velo! Amelewa?"

Majirani waliosikia wakacheka. Jioni nikamwambia binti kwamba akipita mbele ya watu wetu akae wima, kama mtu mwenye heshima.

"Baba, nikikaa wima upepo unanishika."

"Wima," nikasema.

Siku ya mashindano barabara ilipita Nengo mara mbili. Katika mzunguko wa kwanza alitokea akiongoza, kidevu karibu kigusane na mikono. Alipotuona akainuka, akakaa wima, akanipa heshima yangu. Upepo wa ziwani ukampiga kifuani, na palepale msichana wa kofia nyekundu akampita. Nilijua aliyempitisha ni mimi, kwa kuogopa kicheko cha majirani.

Mzunguko wa pili akaja wa pili, tena anaanza kuinuka. Nikasogea hadi ukingoni mwa lami.

"Lala! Lala, mwanangu!"

Akalala.

"Bon, muzee," jirani akasema, "leo unamutuma kulala?"

"Nyamaza, mama. Iko kazini."

Kabla ya kona, kofia nyekundu ilikuwa nyuma yake. Nilibaki pale, mzee mzima, nikimwambia kila apitaye, hata polisi aliyekuwa akizuia magari, kwamba yule aliyelala ni wangu.