Mbio za Tasbihi

Nesi wa kliniki ya presha hapa Mikumi amenipa kazi ya shule, mimi mtu mzima. Kila siku nitembee, na kila nikirudi niandike nimetembea dakika ngapi. Nikanunua daftari dogo na penseli. Jioni ya kwanza nikakaa mezani kuchora safu: tarehe, njia, na ya tatu mkono ukaandika wenyewe "tasbihi". Nilicheka peke yangu mpaka binti yangu akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Yeye nilimjibu si kitu, lakini wewe ngoja nikueleze.

Nilikulia Kilosa mjini, Magomeni, kwa bibi mzaa mama. Nilipokuwa darasa la sita nilikuwa na jambo moja tu kichwani: kuingia timu ya riadha ya wilaya, ile inayokwenda kushindana Morogoro. Sikuwa nimewahi kufika Morogoro. Waliokwenda mwaka uliotangulia walirudi na habari za kulala bweni na kunywa chai kwa chapati, wakasimulia hadi wakatuchosha. Mwalimu wa michezo alitutaka kila mmoja ajipime nyumbani na kuandika maendeleo yake. "Msiniletee maneno," alikuwa akisema, "nileteeni daftari."

Shida ni kwamba nyumbani kwetu hapakuwa na saa. Alikuwepo bibi, ambaye kila baada ya sala ya alasiri alikaa barazani na tasbihi yake ya punje tisini na tisa. Wazo lilikuwa lake. Mimi nikimbie hadi kivuko cha reli na kurudi, yeye avute uradi wake kama kawaida, na nikifika aniambie amefika punje ya ngapi.

Basi nikimaliza kuosha vyombo na kuteka maji, nilivua kandambili nikatimka. Nilipita kwa jirani muuza maandazi, nikapita mashine ya kusaga iliyonguruma na kuwatia watu unga hadi kwenye nyusi, nikakata kona, na kuanzia hapo bibi hakuniona tena. Nikigusa nguzo ya kivuko, nageuza. Nilirudi nimelowa jasho, mbaazi za nazi zinanukia uani, na bibi ananinyooshea tasbihi, kidole kimebana punje.

"Tatu na sitini. Kaandike."

Niliandika. Tasbihi tatu na punje sitini. Baada ya wiki kadhaa ikawa tatu na kumi, halafu mbili na sabini. Kufikia mwisho wa masika nilikuwa nimeshuka hadi mbili na tano, na nikaanza kutembea kwa maringo. Kule bombani niliwauliza wenzangu wanataka niwaletee nini kutoka Morogoro. Mmoja aliagiza vibanio vya nywele, nami nikakubali bila kusita.

Siku ya mchujo mwalimu alikuja uwanjani na saa yake ya mbio. Wasichana tulikuwa sita, walitakiwa watatu. Nikawa wa tano, na huyo wa sita alikuwa na homa. Mwalimu alilitazama daftari langu, akaitazama saa, akalitazama tena daftari.

"Hizi mbio za humu ndani ni za nani?" akauliza.

Nililia njia nzima. Bibi alikuwa anachambua mchele, na nilipomsimulia mkono wake ukasimama kwenye ungo.

"Mjukuu wangu, kosa ni langu," akasema. "Mwanzoni nilihesabu vizuri. Halafu treni ya mizigo ikaanza kupita alasiri. Ukishakata kona pale mashineni mimi sikuoni, nikawa naacha uradi namwomba Mungu akurudishe. Nashika punje hiyohiyo mpaka nione kichwa chako."

"Kila siku, bibi?"

"Kila siku. Na kila siku dua inakuwa ndefu kidogo."

Nilikasirika, sitakuficha. Siku mbili nilimwamkia shikamoo ya kukata, naye akaitikia marahaba yake taratibu kama hajaona kitu. Siku ya tatu nilimkuta barazani na tasbihi, haniiti wala haniangalii. Nikavua kandambili. Niliporudi akaniambia mbili na nne, kwa sauti ya chini, macho yake yako kwenye mkeka. Nikaenda kuandika mbili na nne. Mwaka uliofuata nilijipima shuleni kwa saa ya mwalimu, na Morogoro nikaenda, na chapati nikala. Hazikuwa na maajabu yoyote. Lakini za barazani nazo niliendelea kuziandika, kwenye ukurasa wake, hadi daftari likajaa.

Nyumba ile siku hizi ina watu wengine, na daftari nadhani liliishia kufungia karanga. Bibi alituacha nikiwa sekondari. Asubuhi natembea dakika zangu thelathini, narudi, naandika, na nesi anasema presha inashuka. Nimeridhika kabisa, na miguu ile ya utotoni siitamani. Ninachotamani, hata mara moja tu, ni kuwa mahali ambapo mtu hanioni, na nijue kwamba ameacha kila alichokuwa akifanya mpaka nirudi.