Shemeji na Ritifaa

Watu wa siku hizi wakitaka kumsifu mtu mzima kazini husema ana "uzoefu", kisha wanamwekea kiti karibu na mlango ili asichelewe kutoka. Shemeji yangu, mjane wa marehemu mdogo wangu, alikalia kiti hicho miaka miwili bila kutoka. Naandika habari zake angali hai, maana marehemu wote husifiwa.

Aliingia kituo cha redio akiwa msichana, wakampa chumba cha kanda. Kila kipindi kilichorushwa alikiandikia kadi: siku, mtangazaji, dakika, na juu kabisa, kwa wino mwekundu, neno la kukitafutia. Maji. Mahindi. Mapacha. Ulitaka kipindi cha miaka kumi nyuma? Ulimtajia neno, akavuta droo, na kabla hujamaliza kupiga chafya kanda iko mezani. Wakamwita Kadi, jina likamganda mpaka nyumbani. Mdogo wangu, aliyekuwa mtangazaji wa kipindi cha mifugo, alikuwa akisema yeye hakuoa, aliandikishwa.

Kisha droo zikaonekana aibu. Vipindi vyote vikahamishiwa kwenye tovuti, na yale maneno mekundu yakawa lebo: unabofya lebo, vipindi vyake vinajipanga. Waliohamisha walikuwa vibarua wa miezi mitatu, waliohimizwa kukimbia, si kusoma. Kanda zikatupwa, na kadi zikatiwa kwenye maboksi zingoje lori la taka.

Jumatatu moja meneja akatoa amri. Tovuti imejaa. Lebo yoyote isiyofunguka itahesabiwa imekufa, na Ijumaa saa sita mchana zitafutwa zote, pamoja na rekodi zilizo chini yake.

Shemeji alirudi kwenye kompyuta yake, akabofya "ng'ombe". Ukurasa haupatikani. Akabofya tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu. Kimya. Chini ya lebo hiyo ndiko zilikokuwa rekodi zote za mumewe. Nyumbani hakuwa na hata moja, na mjukuu wao wa miaka sita hajawahi kuisikia sauti ya babu yake.

"Zitakuwa zimepotea njiani, mama," fundi wa kompyuta akamwambia. Ni mtu mzima mwenye upara na watoto wanne, asiyeinua macho anapoongea. "Yaliyopita si ndwele."

"Zingekuwa ndwele ningekwenda hospitali. Mimi natafuta rekodi."

Akafungua daftari. Jumanne nzima alibofya lebo moja baada ya nyingine, zaidi ya mia tisa, akiitia alama ya vema iliyofunguka na alama ya kosa iliyokufa. Jioni aliniletea daftari lile.

"Shemeji, si wewe uliyepanga herufi za risasi miaka arobaini pale kiwanda cha chapa? Hebu nitazamie. Humu mna ugonjwa, siuoni."

Zilizokufa zilikuwa ishirini na nane. Hazikuwa za mtangazaji mmoja wala za mwaka mmoja. Na mimi sikuona kitu.

"Nisomee kwa sauti," nikamwambia. "Jicho huzoea kosa, sikio hulikataa."

"Ng'ombe. Ng'ombe tena, sijui niliandika mara mbili kwa nini. Ng'ambo. Kung'oa meno. Minong'ono. Wanyang'anyi..." Akasita. Akajishika pua. "Shemeji! Karibu zote zinapita puani!"

Ndivyo. Ngamia alifunguka, ngano ilifunguka, ng'ombe akafa. Aliyemuua ni ritifaa, kile kijimkato kinachoning'inia baada ya ng. Mashine ile iliundwa na watu wasiosema kwa pua. Ikiikuta alama hiyo ndani ya anwani ya ukurasa hudhani maneno yamekwisha, ikakata kiungo hapo hapo. Enzi zetu mpanga herufi aliyesahau ritifaa aliitwa mbele ya wenzake akalazimishwa kulisoma neno lake kama alivyolipanga. Leo hata jina la alama yenyewe hawalijui.

Jumatano fundi alifurahi. "Kumbe rahisi! Tunaitoa tu. Andika ngombe, nani atakufa?"

"Na kung'oa meno?"

"Kungoa meno."

"Fundi, ngoa ni wivu. Na lebo ya ngoa tunayo, ya kile kipindi cha mapenzi. Unataka mwenye jino bovu apelekwe kwa mchumba?"

Chumba kizima kikacheka. Fundi akakuna upara. "Sasa tufanyeje, mama?"

"Kila lebo ina jina la kuonekana na anwani iliyojificha. Nimeona kwenye mipangilio. Jina libaki na haki yake. Kwenye anwani, mahali pa ritifaa, tutie kistari."

Hakuna aliyemfundisha hilo. Wenye vyeti walikuwa wameupita ukurasa ule kila siku.

Wakajaribu. Ng'ombe akafunguka, rekodi themanini na sita zikajipanga. Fundi akapiga makofi.

"Ni mia moja na arobaini," shemeji akasema.

"Kompyuta imehesabu, mama."

"Na mimi niliandika."

Akaenda stoo, akapasua maboksi kwa kisu, akarudi amekumbatia kadi zote za ng'ombe. Alhamisi aliniita kituoni nimsomee kadi, yeye akitazama skrini. Hamsini na nne zilizokosekana ziliandikwa na kibarua aliyetumia simu, na simu yake iliweka ritifaa iliyopinda badala ya iliyosimama. Ndiyo maana daftarini ng'ombe alitokea mara mbili. Kwa macho ni yule yule. Kwa mashine ni ng'ombe wawili wasiojuana. Fundi hakujua njia ya kuzihamisha kwa pamoja. Shemeji akazihamisha moja moja, kwa kidole kimoja, kisha akaifuta lebo iliyobaki tupu. Fundi akizitia kistari lebo nyingine, yeye alipomaliza ng'ombe akaingia pacha wa ng'ambo, na Ijumaa asubuhi, nami nikiendelea kumsomea, akaanza wa kung'oa meno.

Saa sita kasoro dakika kumi meneja akasimama mlangoni. "Haya, Kadi. Zilizokufa ngapi?"

"Mbili. Hizo hazina ritifaa, ni tupu kweli, nimehakikisha kwenye kadi. Futa."

Meneja akafuta mbili, akaenda zake.

Ndipo shemeji alipobofya ng'ombe, akachagua ya kwanza. Kikatoka kikohozi, kisha sauti ya mdogo wangu: "Mfugaji, ng'ombe wako ameamkaje?" Mimi nikageukia dirisha.

"Kikohozi hicho," shemeji akasema, "nilimwambia akitibu. Akanijibu ni cha redio."

Akakizima. Akachukua simu, akamwandikia binti yake, mama wa yule mjukuu, anwani ya kiungo, kistari mahali pake, akaisoma mara mbili kabla ya kuituma. Kisha akamgeukia fundi.

"Yale maboksi ya kadi. Lori likija, waambie waanze na mimi."