Jiwe la Ghorofa ya Nne

Nabiswa amepandisha mawe kwenye mijengo miaka kumi na tisa. Yeye si fundi. Kazi yake ni karai kichwani na ngazi za mbao, mpaka juu. Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Huruma hana maneno mengi, na mtu asiyesema mimi huwa simwamini.

Siku jiwe lilipoanguka alikuwa kazini. Lilitua kwenye lundo la mchanga wa kukarabati ukuta, shibiri moja kutoka kwa mtoto wa Ndindi aliyekuwa akicheza hapo. Mimi na Ndindi tulikuwa kando tukisuuza nguo. Tulipoinua macho, hakuna mtu. Ndipo Sally wa ghorofa ya kwanza akachungulia, akasema limetoka kwa Qali, ghorofa ya nne, anayeanika mikeka na kuikandamiza kwa mawe. Tukakubali wote. Maingi, keateka wetu anayesimamia ploti, akampa Qali hadi magharibi awe ametoa vitu vyake. Qali aliapa kwamba mawe yake yote yapo. Nilimwambia jiwe halina mabawa.

Nabiswa aliporudi hakutazama watu, alitazama shimo lililoachwa na jiwe mchangani. Akatia mkono kupima kina: vidole vinne. Akasema hilo halikutoka mbali.

Nikamuuliza, "Qali amekulisha sambusa ngapi?"

"Usiniamini, Mama Seth. Panda uliangushe mwenyewe. Achilia tu, usirushe."

Akasawazisha mchanga, akaunyunyizia maji uwe kama mwanzo, akafukuza watu kando. Nikapanda hadi ghorofa ya nne nikihema, nikaachilia. Jiwe likazama lote. Maingi alipopima, mkono wake ulipotea hadi juu ya kifundo cha mkono. Kutoka ya pili, shimo likapungua nusu. Kutoka ya kwanza, vidole vinne. Nilirudia, maana Maingi naye simwamini. Vinne.

"Ukipandisha jiwe, jasho lako linaingia ndani yake," Nabiswa akasema. "Huko juu utadhani limelala, kumbe limeweka akiba. Likianguka linaitoa yote kwa mbio. Lililopanda kidogo lina akiba kidogo."

Ghorofa ya kwanza tunakaa wawili, mimi na Sally. Macho yalianza kwangu, sitaficha, lakini Ndindi alisema nilikuwa naye chini. Yakahamia kwa Sally. Akasema ni jiwe la kuzuia mlango, alilisukuma kwa mguu likapita chini ya vyuma vya roshani, akaogopa kusema. Ndindi akambeba mtoto wake, akamwambia Sally asimguse tena hata kwa salamu.

Qali alikuwa ameshashusha godoro. Maingi akamwambia arudi tu, kana kwamba anamfanyia hisani. Mimi nikashika ncha ya pili, tukalipandisha. Hakunishukuru wala hakunifukuza. Ila kila kona ya ngazi aligeuka kuangalia kama bado nimelishika.