Njia za Kwenda Mwamba Mweupe

Harufu ya ndakala iliingia kwetu kabla ya Kambo mwenyewe. Kambo ndivyo tulivyomwita bibi, mama mzazi wa mama yangu. Alitoka ziwa Tanganyika na furushi la samaki hao wadogo wakavu, na nathubutu kusema Élisabethville nzima ilijua kwamba kambi ya reli ina mgeni. Alikuja kumwona mdogo wangu mchanga. Mtoto huyo alinyonya, alilala, alitazama watu, ila tangu azaliwe hakuwahi kulia. Hata alipochomwa sindano alifungua kinywa tu, sauti haikutoka. Nilikuwa msichana mdogo, na nilimwogopa sana, sioni haya kusema.

Kambo akauliza jina lake. Mama akajibu kuwa ni Kaseya, jina la kaka yake, yaya wake kama tunavyomwita ndugu mkubwa, aliyezama zamani ziwani kando ya Mwamba Mweupe na mwili wake usionekane. Kambo akashika kichwa. "Mulimupatia jina ya muntu hakuzikwa? Njo maana sauti yake iko kule. Mumupeleke, muite ile jina pale, mungojee jibu. Bila vile, mutoto atamufuata."

Basi sebule yetu ikageuka baraza la safari. Jirani yetu, mfanyabiashara wa Kasai, alisema tupande lori hadi Pweto. Mke wake akaona afadhali tupitie Mokambo, tuvuke kwa Waingereza, tutokee kusini mwa ziwa. Hakuna kati yao aliyewahi kuliona hilo ziwa, lakini ungewasikia! Baba, mtu wa reli na Mkatoliki hasa, hakutaka kuyasikia hayo mpaka mtoto alipoanza kukataa titi. Hapo akakata shauri: treni hadi Bukama, meli ya mto hadi Kabalo, treni tena hadi Albertville, kisha mtumbwi. Vumbi la lori lingemmaliza mtoto.

Mto Lualaba nauchukia mpaka leo. Meli ilijikokota katikati ya mafunjo, ikisimama kupakia kuni, na mtoto akizidi kukonda. Kichwa alikielekeza daima kule tulikokwenda. Mama akimgeuza, yeye hukirudisha polepole, macho wazi. Abiria wengine wakaanza kukaa mbali nasi.

Mwishowe, baada ya treni ya pili, mtumbwi ukatufikisha. Mwamba ulisimama majini, mweupe kwa mavi ya ndege, na hapakuwa na ndege hata mmoja. Ufukweni mwanamke tusiyemjua alikuwa amesonga bukari, ugali wetu wa huku, na kutandika mkeka.

"Karibuni. Tulikuwa tunabangojea," alisema. "Baba ya mutoto alisha kufika jana, akasema munakuya."

"Baba ya mutoto ni miye," baba akamwambia.

Yule mwanamke alimtazama, akamtazama mtoto, akarudi nyuma. "Basi ule sijui ni nani. Nguo zake zilikuwa zinatoka maji."

Mama alimbeba mtoto, akaingia ziwani hadi magotini, nasi tukangoja aite jina kama alivyoagizwa na Kambo, aliyebaki nyumbani. Kisha akapiga kelele, na sijawahi kumwona na hasira kama ile: "Kaseya, yaya yangu, nilikulilia sana! Lakini huyu hapana weye. Huyu iko wangu. Anaitwa Petro!"

Mtoto akalia. Ee Mungu wangu, alilia! Baba alicheka huku machozi yakimtoka, na tukaondoka bila kugusa chakula kile.

Siku hizi mtu hupanda ndege hapa Lubumbashi, ndiyo Élisabethville ile ile, na kabla hajachoka kukaa yuko Kalemie, ndiyo Albertville ya zamani. Watu wanafurahia, nami ningefurahi. Ila nilipenda zaidi ziwa lilipokuwa mbali. Petro ni mzee sasa, mwongeaji kupindukia, wajukuu wanamkimbia. Mama alituapisha tusimwambie kamwe habari za safari ile wala za jina lile. Kambo na wazazi wote wamekufa na siri yao, nami nimeitunza. Jumapili iliyopita, baada ya misa, Petro alinishika mkono akaniambia amekata tiketi ya kwenda Kalemie. Nikamuuliza anamfuata nani huko.

"Kuko muntu ananiita, yaya," akasema. "Ananiita Kaseya."